Sakafu ya Saruji Tupu: Dawa ya Kuzama au Rangi ya Kukaa Juu?

Unafagia asubuhi, jioni unafagia tena, na kila mara ufagio unakusanya unga uleule wa kijivu. Hilo si vumbi la nje. Ni sakafu yenyewe inayojila. Pitisha kiganja juu yake kisha ukitazame: kikitoka kama umeshika chaki, ujue tabaka la juu la saruji ni dhaifu na hakuna ufagio utakaolimaliza. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ileile zege lilipomwagwa. Maji yalizidi kwenye mchanganyiko, au fundi alipitisha mwiko wakati maji bado yanaelea juu, au sakafu iliachwa ikakaushwa na jua badala ya kumwagiliwa kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo mtu anapokwenda dukani na swali moja: nipake nini? Makopo yote yatamjibu sawa, kwamba hulinda, hudumu na huzuia maji. Mimi huona swali lenye faida zaidi ni jingine. Nikishaipaka, itaharibika vipi? Kila kitu kinachopakwa mahali pa kukanyagwa kitaharibika siku moja, hilo halina mjadala. Ila kuna kinachoisha taratibu bila kelele, ukakirudia baada ya miaka kadhaa kwa kazi ya nusu siku. Na kuna kinachobanduka vipande vipande katikati ya sebule mbele ya wageni, na kabla ya kupaka kingine inabidi ukikwangue chote hadi saruji ionekane. Nimepitia yote mawili, na ndiyo maana ulinganisho huu unaegemea upande mmoja.

Kuzama na kukaa juu

Zege, hata liwe gumu namna gani, limejaa vijitundu na mifereji myembamba isiyoonekana kwa macho. Maji yaliyomwagika juu huingia humo. Unyevu wa ardhini nao hupanda kupitia humohumo na kutoka kama mvuke. Sakafu tupu inapumua, tena muda wote.

Kundi la kwanza la dawa huzama kwenye mifereji hiyo na kufanya kazi likiwa ndani. Humu kuna silikati, ambazo hukaza saruji, na kuna sileni na siloksani, ambazo hufukuza maji. Ukimaliza kupaka, sakafu inaonekana kama ilivyokuwa, au inatia giza kidogo tu.

Kundi la pili hukaa juu na kujenga utando: akriliki, epoksi, poliyurethani, rangi za kawaida za sakafu, na nta. Hizi ndizo zinazong'aa, zenye rangi, zinazopendeza kwenye picha. Pia ni kama kifuniko juu ya sufuria ambayo bado iko motoni. Kama chini hakuna kinachochemka, kifuniko kitatulia. Kama kipo, kitanyanyuka.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bidhaa yoyote, jua kwanza sakafu yako inatoa unyevu kiasi gani.

Nailoni, matone na msumari

Chukua kipande cha nailoni nene inayoona, kila upande sentimita 45 hivi. Kilaze sakafuni na ukibandike kwa utepe pande zote nne pasipo mwanya wowote. Kiache kwa muda usiopungua saa 16. Mimi huacha siku mbili. Ukikifunua ukakuta matone upande wa chini wa nailoni, au sakafu imetia giza pale ilipofunikwa, unyevu unatoka chini. Fanya hivyo sehemu tatu au nne, hasa karibu na kuta za nje na pembeni mwa bafu. Ukipima katikati ya chumba peke yake utajidanganya. Pia usipime siku moja ya kiangazi ukajiona umemaliza, kwa sababu maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa majira.

Sakafu mpya ina hadithi yake. Zile siku 28 zinazotajwa kila mara ni za zege kupata nguvu, wala si za kukauka. Mafundi wa sakafu hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, ikiwa zege linakauka upande wa juu tu. Bamba la sentimita 10 basi linataka kama miezi minne kabla ya kulifunika kwa utando usiopitisha mvuke. Dawa za kuzama hazitaki kungoja huko.

Kipimo cha pili ni matone ya maji. Yakinywewa ndani ya dakika moja na kuacha alama nyeusi, sakafu iko wazi, itapokea dawa. Yakisimama kama shanga, kuna kitu kimeshatangulia: mafuta, nta ya zamani, au dawa iliyopulizwa wakati wa ujenzi ili zege lisikauke haraka. Pale maji hayaingii, dawa ya kuzama haitaingia na epoksi haitashika. Itabidi kuosha kwa sabuni ya kuondoa mafuta, au kusaga.

Cha tatu ni msumari. Kwaruza kwa nguvu ya kawaida. Ukiacha mstari mweupe tu, sawa. Ukichimba mfereji na changarawe zikaanza kung'oka, hakuna kopo la kukusaidia. Tabaka hilo lisagwe mpaka ufikie saruji ngumu, au sakafu imwagiwe tabaka jipya.

Ukiona manyoya meupe sakafuni au chini ya ukuta, ile ambayo watu husema "nyumba inatoa chumvi", jibu la nailoni umeshalipata bila nailoni. Maji hupita ndani ya saruji yakibeba chumvi, na yakifika juu yanakuwa mvuke na kuiacha chumvi nyuma. Ipige brashi ikiwa kavu uizoe. Ukiimwagia maji unaiyeyusha na kuirudisha ndani.

Silikati na sileni si mapacha

Kwenye makopo zote huitwa dawa za kulinda zege, na wauzaji wengi huzichanganya. Kazi zao ni tofauti kabisa.

Silikati ni kimiminika kama maji, hakina harufu kali. Ndani ya zege kuna chokaa iliyobaki baada ya saruji kushika. Silikati ikikutana na chokaa hiyo hutengeneza kitu kilekile kinachoipa saruji nguvu, na vijitundu vya juu hujaa. Sakafu iliyokuwa ikitoa unga huacha. Mabadiliko hayo huyaoni kwa macho. Utayajua wiki mbili baadaye, ufagio unapotoka mtupu.

Ila usiipe sifa isizokuwa nazo. Silikati peke yake haifukuzi maji na haizuii mafuta. Tone la mafuta ya kupikia litaacha doa, polepole zaidi tu kuliko awali. Na haipendi kuzidishwa. Ile isiyonywewa hukauka juu ikawa ukoko mweupe mgumu kama kioo, kwa sababu silikati ya sodiamu hasa ndivyo ilivyo, binamu wa kioo. Ukoko huo hautoki kwa dekio. Ninavyofanya ni kuloanisha sakafu kwa dawa, kuiweka mbichi kwa brashi pana kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha kusukuma iliyobaki nje na kusuuza kwa maji kabla haijashika. Silikati ya lithiamu husamehe zaidi upande huo, maana haiachi ukoko kwa urahisi.

Sileni na siloksani hazikazi kitu. Zinavisha kuta za vile vijitundu koti linalochukia maji, huku vijitundu vyenyewe vikibaki wazi. Maji ya juu hujikunja kuwa shanga, mvuke wa chini hutoka kama kawaida. Chembe za sileni ni ndogo, hivyo huzama zaidi kwenye zege lililoshikamana. Za siloksani ni kubwa kidogo na hufaa vitu vyenye matundu makubwa kama matofali ya saruji. Makopo mengi yana mchanganyiko wa zote mbili.

Kwenye sehemu zinazopigwa na mvua, hizi ndizo ninazozipa kura. Usishtuke baada ya mwaka ukiona maji hayafanyi shanga kama mwanzoni. Jua na nyayo huondoa dawa ya juu kabisa, lakini ile iliyozama milimita kadhaa bado inafanya kazi. Mwaga maji na utazame. Yakilala bila shanga lakini sakafu isitie giza, bado una ulinzi. Ikitia giza upesi, wakati wa kurudia umefika. Kinachozishinda ni maji yanayosukuma kwa uzito. Ukuta wa tangi au chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi huwezi kuuzuia kuvuja kwa sileni.

Unataka zote mbili? Silikati kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo sileni. Ukigeuza mpangilio umepoteza dawa, kwa kuwa silikati ni ya maji na umeshaiambia sakafu iyakatae maji.

Zinazokaa juu, kuanzia na kosa langu

Nilibakiwa na rangi ya mafuta baada ya kupaka milango. Stoo ilikuwa inatoa unga. Nikaona nisitupe mali, nikaipiga mikono miwili. Kwa wiki kadhaa ilikuwa stoo nzuri kuliko sebule. Halafu ikaanza kulegea pale gunia lilipoburutwa, na nilipoinua kipande kwa ukucha nikakuta upande wa chini umelainika, unateleza na kunata kwa pamoja, kama sabuni iliyoachwa kwenye maji.

Ilikuwa sabuni kweli. Sabuni hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na magadi makali, na saruji mbichi au yenye unyevu ina ukali wa aina hiyohiyo. pH ya zege jipya, yaani kipimo cha ukali huo, hufika 12 hadi 13. Rangi ya mafuta ikikaa juu yake, unyevu ukipanda na ukali huo, mafuta yaliyomo kwenye rangi hugeuka sabuni kutokea chini. Rangi ya mlango ibaki mlangoni.

Akriliki haina shida hiyo. Ni nyepesi, hukauka kwa saa moja au mbili, haigeuki manjano juani, na ile ya maji haina harufu ya kukufukuza nyumbani. Ubaya wake ni wembamba. Miguu ya viti huikwaruza, na njia inayopitwa sana hufifia ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Lakini angalia namna inavyoharibika: inafifia. Ile iliyotengenezwa kwa kiyeyusho badala ya maji ina sifa moja ninayoipenda, kwamba mkono mpya huyeyusha kidogo ule wa zamani na kuungana nao, hivyo hukwangui. Ukiipaka nzito, au juu ya sakafu yenye unyevu, inageuka nyeupe kama maziwa. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mnene.

Sasa epoksi. Hii ndiyo kila mtu anaitaka, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na maneno ya kwenye makopo. Epoksi ya kweli huja kwa makopo mawili, utomvu na hadina (kigumishi chake), na haikauki kama rangi, bali hushikana kwa mmenyuko wa kikemikali. Ukiona kopo moja lililoandikwa epoksi, ndani yake mara nyingi ni akriliki iliyotiwa epoksi kidogo. Inaweza kuwa rangi nzuri, ila usitarajie ugumu uleule.

Hata makopo mawili si sawa na mengine. Fanya hesabu hii papo hapo dukani. Lita moja ikitandazwa kwenye mita za mraba 10 hutoa unene wa milimita 0.1 ikiwa mbichi. Kama nusu ya kilichomo ni maji, yakiruka inabaki milimita 0.05. Sasa chukua epoksi isiyo na maji wala kiyeyusho, uitandaze lita moja kwa mita za mraba 4. Inabaki milimita 0.25 nzima, kwa kuwa hakuna kinachoruka. Zote mbili zinaitwa epoksi, na moja ni nene mara tano ya nyingine. Chumba cha mita 4 kwa 5 kitakula lita 2 za ile ya kwanza kwa mkono mmoja, au lita 5 za hii ya pili. Kwa hiyo mtu akikuambia "epoksi yangu ilibanduka", au "epoksi yangu ina miaka kumi", muulize kwanza ni ipi.

Kuichanganya kunataka utulivu. Vipimo vifuatwe kama dawa ya mtoto: ukizidisha hadina ili ishike haraka, haishiki haraka, inabaki inanata milele. Ukishachanganya, imwage sakafuni mara moja. Ikikaa kwenye ndoo inajipasha joto, na joto linaharakisha mmenyuko, na mmenyuko unaongeza joto. Mara ya kwanza niliacha ndoo nusu nikaenda kutafuta utepe. Niliporudi ndoo haishikiki kwa moto, inafuka, na rola imeganda ndani kama nyundo. Kwa siku yenye joto una dakika 20 hadi 40 tu.

Ikikubali, epoksi ni kitu kizuri. Mafuta, siki na sabuni haviipati, na dekio moja linatosha. Baada ya siku moja unaweza kuitembelea, lakini iache kama siku saba kabla ya kuegesha gari au kuburuta kabati. Mbele ya dirisha au mlangoni jua huigeuza manjano. Matairi yaliyotoka barabarani yakiwa ya moto huweza kung'oa ile nyembamba. Na ikilowa inateleza vibaya, isipokuwa umenyunyiza mchanga laini safi juu ya mkono wa kwanza kabla haujashika.

Kuhusu kuharibika kwake, niliwahi kutoboa lengelenge la epoksi kwa ncha ya msumari, ukubwa wake kama sarafu. Yalirukia nje maji kidogo, yenye utelezi. Chini yake saruji ilikuwa safi kama imeoshwa. Epoksi yenyewe ilikuwa ngumu vilevile, haina kasoro. Maji ya chini tu yalikuwa yameinyanyua. Sakafu nzima ilikuwa na malengelenge kama hayo zaidi ya mia, na hapakuwa na dawa ila kuisaga yote.

Poliyurethani hupakwa zaidi kama koti la mwisho juu ya epoksi. Ni nyembamba, inavumilia mikwaruzo, na ile aina ya nje haigeuki rangi juani. Onyo lake ni la afya: hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu. Barakoa ya kitambaa si kitu hapa. Vaa ile yenye vichujio vya kemikali, na fungua madirisha. Kama huna barakoa hiyo, mwachie fundi mwenye nayo.

Nta nitaipita haraka. Inang'aa na kunukia, na juu ya saruji nyekundu iliyopigwa niru inapendeza kuliko yote niliyoyataja. Lakini ni kazi ya kila wiki chache, na siku utakapotaka kupaka kitu kingine itabidi uitoe yote.

Kwa mtazamo mmoja

| Aina | Unga wa sakafu | Maji ya juu | Mvuke wa chini | Huharibikaje |
|---|---|---|---|---|
| Silikati | huukomesha | huyapunguza tu | hupita | huchakaa pamoja na saruji |
| Sileni, siloksani | haziukomeshi | huyafukuza | hupita | nguvu hupungua kimya |
| Akriliki | huufunika | huyazuia | hupita kidogo | hufifia na kukwaruzika |
| Epoksi nene | huufunika | huyazuia kabisa | haupiti | malengelenge, kubanduka |
| Poliyurethani juu ya epoksi | huufunika | huyazuia kabisa | haupiti | kama epoksi, ila hustahimili jua |
| Nta | huufunika kwa muda | huyazuia kidogo | hupita kidogo | hutoweka njiani pa kupitia |

Maandalizi, ambayo hakuna anayependa kuyasikia

Dawa za kuzama zinataka sakafu safi na wazi, basi. Zinazokaa juu zinataka pia sakafu yenye meno. Ukiipapasa iwe kama msasa. Sakafu iliyopigwa mwiko hadi ikateleza inapendeza, lakini epoksi haina pa kushika.

Njia ni mbili. Kusaga kwa mashine yenye kifyonza vumbi, au kuosha kwa asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa kwa maji. Mimi nachagua mashine. Asidi ni rahisi kuipata, lakini inataka glavu, miwani na uangalifu: asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Baadaye lazima uiue kwa maji ya magadi ya kuokea, usuuze mara kadhaa, kisha usubiri siku nyingi sakafu iliyolowa ikauke tena. Mvuke wake hupandisha kutu kwenye bawaba na mabomba ya chumba kizima. Na pale penye mafuta haifanyi kitu. Mashine nayo ina hatari yake, kwa kuwa vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu, hivyo barakoa ya vumbi laini haina mbadala.

Hali ya hewa pia itazame. Sakafu ikiwa na baridi kuliko hewa nzito ya unyevu, umande hutua juu yake bila wewe kuuona. Kanuni ni kwamba sakafu iwe na joto la nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa lugha ya kawaida: usipake alfajiri wala baada ya mvua, na kama kioo cha dirisha kina ukungu, kunywa chai kwanza.

Nyufa zijazwe kabla. Lakini ufa unaofunguka na kufunga utarudi kupitia chochote utakachopaka, na ile mistari iliyokatwa makusudi ili zege lipate pa kupasukia usiizibe kwa epoksi ngumu. Ukiiziba, zege litatafuta mahali pengine pa kupasukia.

Ningepaka nini wapi

Stoo, chumba cha kulala, ukumbi: silikati, bila kufikiri mara mbili. Tatizo la humo ni unga, na silikati inamaliza unga. Ukitaka mng'ao, ongeza akriliki nyembamba baadaye.

Baraza, ngazi za nje, njia ya kuingilia: sileni au mchanganyiko wake na siloksani. Epoksi inayong'aa kwenye ngazi zinazonyeshewa ni njia ya kumpeleka mzee hospitali, na sijui kwa nini bado watu huipaka.

Jikoni ndipo ninapobadili msimamo. Mafuta ya kupikia hayajali sileni, huingia. Kama nailoni imetoka kavu mara mbili katika majira tofauti, paka epoksi nene yenye mchanga kidogo, utafurahi nayo. Kama nailoni imetoka na matone, kaa na silikati, futa mafuta yakiwa bado mabichi, na uyazoee madoa mawili matatu. Kuna praima za epoksi, yaani koti la kwanza la chini, zilizotengenezwa kwa zege lenye unyevu, nazo husaidia, lakini zina kikomo chake cha unyevu kilichoandikwa kwenye maelezo, na kikomo hicho hupimwa kwa vifaa, wala si kwa nailoni.

Mahali pa gari panategemea gari. Likivuja mafuta, epoksi nene na koti la poliyurethani juu yake. Lisipovuja, silikati, na kipande cha bati chini ya injini kwa ajili ya siku litakapoanza.

Bafu siliweki kwenye ulinganisho huu. Maji ya kila siku, yanayosimama na kutafuta kona, yanahitaji utando maalumu wa kuzuia maji chini ya vigae. Kupaka saruji tupu ya bafuni ni kuahirisha kazi.

Na kabla ya kununua kiasi cha chumba kizima, nunua kopo dogo upake nyuma ya mlango, kipande cha mita moja, kwa maandalizi yaleyale utakayoyafanya kwingine. Subiri wiki. Kama ni dawa ya kuzama, mwaga maji na utazame. Kama ni ya kukaa juu, chora msalaba kwa wembe hadi saruji, bandika utepe wenye gundi kali juu ya msalaba, usugue kwa kidole, kisha ung'oe kwa mara moja. Ukitoka mtupu, endelea. Ukitoka na rangi, ugeuze uangalie mgongo wa ile rangi. Ukiwa na unga wa kijivu, rangi imeshika vizuri na saruji ndiyo iliyoachia, kwa hiyo rudi kwenye silikati au kwenye mashine ya kusaga. Ukiwa safi unang'aa, rangi haikupata meno. Na ukiwa na unyevunyevu, funga kopo ulirudishe dukani kama bado wanalipokea.